Kipuri Chenye Hatia

Asubuhi ile mashine ilikataa kutenda kosa.

Inspekta alikuwa ameketi nyuma ya binti wa kaka yake tangu mapema, kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka jikoni, akitazama skrini bila kupepesa macho. Gemu ilikuwa ya timu mbili zilizowindana ndani ya ghala lenye ngazi na milango mingi. Binti, ambaye wenzake wa mchezo walimwita Kipanga, alikimbia, akachutama, akalenga, akapiga. Kila kitu kilikwenda kama maji. Picha haikuganda hata mara moja.

"Cheza tena," Inspekta alisema.

"Shangazi, tumecheza weee. Vidole vinauma."

"Cheza tena."

Jina la Inspekta lilikuwa limembakia tangu alipokuwa polisi. Siku hizi alichunguza madai ya moto na ajali kwa niaba ya kampuni ya bima, na watu waliomwona akikagua gari lililoungua walisema angeweza kuliuliza maswali likamjibu. Kompyuta hakuijua zaidi ya kuandikia ripoti. Kaka yake alikuwa amempigia simu kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Katika mechi tatu za ligi, Kipanga alikuwa ameganda. Kila mara ilikuwa wakati uleule mbaya: adui yuko mbele, kidole kiko tayari, picha inasimama, na inaporudi yeye yuko chini. Timu ilipoteza mechi zote. Kwenye mazoezi, kwa mashine ileile na gemu ileile, hakuganda kamwe. Wenzake wakapiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga. Walisema anaigiza. Walisema ameuza mechi. Leo alasiri saa kumi kulikuwa na mechi nyingine, na saa moja kabla yake kapteni angepeleka majina kwa wasimamizi wa ligi. Jina la Kipanga likikosekana, na likikosekana kwa sababu hiyo, hakuna timu ambayo ingemgusa tena.

Raundi ilikwisha. Kipanga alikuwa ameshinda. Aliinamisha kichwa kama aliyeshindwa.

"Geuka unitazame," Inspekta alisema. "Nitakuuliza mara moja tu. Umeuza?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuomba uuze?"

"Hapana! Shangazi, hata wewe?"

"Mimi ndiye nitakayeulizwa na wengine baadaye. Lazima niwe na jibu lako. Sasa ninalo."

Kipanga alifuta macho kwa mkono wa fulana. Inspekta hakumbembeleza. Alitazama chumba: kitanda kisichotandikwa, feni ya mezani, kasha la kompyuta lililosimama sakafuni juu ya matofali mawili, na juu ya skrini, kamera ndogo iliyovalishwa soksi ya mtoto mchanga. Aliitazama soksi ile, akaacha macho yaendelee.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Kaka yake aliingia akiwa amekumbatia boksi jipya, na nyuma yake aliingia fundi wa kompyuta, mtu mnene mwenye tochi ndogo iliyofungwa kwenye paji la uso hata mchana.

"Dada, mambo yamekwisha," kaka alisema. "Kadi ya grafiki. Mpya. Fundi anasema ndiyo dawa."

"Ndiyo ugonjwa, Inspekta," fundi alisema. "Kadi iliyomo humo ni bibi kizee. Gemu za siku hizi zinamkimbiza, bibi anakata pumzi. Tunamtoa, tunaweka kijana. Kazi ya dakika chache."

"Umempima huyo bibi?"

"Hahitaji kupimwa. Mimi nikisikia tu mtu anasema gemu inakwama, najua ni kadi."

"Mimi nikisikia nyumba imeungua, wote huniambia ni hitilafu ya umeme," Inspekta alisema. "Boksi limefunguliwa?"

"Bado," kaka alisema. "Muuzaji kasema tukikata gundi, harudishiwi mtu."

"Basi liweke kitandani, na asiliguse mtu."

Kaka aliliweka polepole, kama yai.

Inspekta alimgeukia fundi. "Tuseme nataka kumwachia huru huyu bibi. Ungenipa ushahidi gani kwamba hana hatia?"

Fundi alikuna shingo. Swali hilo hakuwa amewahi kuulizwa. "Labda... kadi kazi yake ni kuchora picha. Ukishusha ubora wa picha, unampunguzia mzigo. Kukwama kukipungua, alikuwa yeye."

"Na kusipopungua?"

"Hapo tatizo liko kwa mwingine."

"Nilishashusha," Kipanga alisema.

Wote walimtazama.

"Kwenye mechi ya tatu. Nilishusha kila kitu mpaka chini kabisa. Watu walionekana kama wamekatwa kwa mkasi. Na ilikwama kuliko siku zote."

"Ulimwambia fundi?"

"Hakuniuliza."

Fundi alizima tochi yake, ingawa haikuwa ikimulika kitu. "Haya. Basi tuanze upya, Inspekta. Uliza unavyojua."

Alianza na joto, kwa sababu joto alilijua. Fundi alifungua ubavu wa kasha. Kwa muda wote ambao Kipanga alicheza raundi nyingine, Inspekta aliweka kiganja karibu na feni za ndani na kusoma namba za joto alizoonyeshwa. Vumbi lilikuwepo, lakini la kawaida, na namba hazikupanda kupita kiasi. Akauliza kuhusu ram, kumbukumbu ya muda ya mashine. Fundi alimwonyesha kwamba gemu, hata inapokula sana, huacha nusu yake tupu. Diski ilikuwa ya kasi na yenye nafasi. Intaneti nayo, Kipanga alisema, ndiyo ya kwanza kapteni kuisingizia, lakini wachezaji wengine walimwona akisimama yeye peke yake huku sauti yake ikiendelea kusikika bila kukatika.

Muda ulikuwa ukienda. Kaka aliketi ukingoni mwa kitanda, akainuka, akaketi tena.

"Dada, si tufungue tu boksi? Kama si hiyo, angalau tumefanya kitu."

"Kufanya kitu ndiko kunakoharibu eneo la tukio," Inspekta alisema bila kugeuka. "Nataka kuliona kosa lenyewe. Sijaliona. Nimeona mashine yenye tabia njema kuliko mimi. Kuna yeyote aliyeliona kwa macho yake?"

"Ipo kwenye video," Kipanga alisema. "Mechi zote zimerekodiwa. Ligi inalazimisha. Kapteni anazo."

"Nipe namba yake."

Kapteni alipokea simu upesi. Sauti yake ilikuwa changa kuliko cheo chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni shangazi yake Kipanga. Naomba video ya mechi ya tatu."

"Mama, kwa heshima zote, sisi tumeshaiangalia mpaka tumechoka. Mchezaji wa akiba yuko tayari. Sioni kama—"

"Sikuombi uone. Nakuomba unitumie. Jina lake umeshaliondoa?"

"Bado. Mpaka saa tisa."

"Basi tuna muda. Ahsante."

Video ilipofika, waliitazama wakiwa wamebanana mbele ya skrini. Kwenye kona ya juu kulikuwa na kipimo ambacho Kipanga hukiwasha siku zote: idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde, kiasi ambacho kadi inatumika, na kiasi ambacho prosesa, ubongo wa mashine, inatumika. Kwenye mazoezi ya asubuhi Inspekta alikuwa amezitazama namba hizo mpaka akazikariri.

"Simamisha," alisema. "Rudisha kidogo. Hapo."

Adui alikuwa mlangoni. Fremu zilikuwa zimeanguka. Kadi ya grafiki, yule bibi kizee, ilikuwa ikitumika chini ya nusu. Prosesa ilikuwa asilimia mia.

"Fundi, nisomee."

Fundi alisoma kimya, kisha akajikohoza. "Bibi amekaa anasubiri kazi. Anayepaswa kumpa kazi amezidiwa."

"Yaani prosesa."

"Yaani prosesa. Na tukishusha picha, kadi inamaliza haraka, inamdai prosesa kazi nyingine haraka zaidi. Ndiyo maana ilizidi kukwama." Alitazama boksi kitandani kwa jicho la huzuni. "Kadi mpya ingemwua kabisa."

Kaka alishika kichwa. Inspekta hakuonyesha furaha. Alikuwa na mshukiwa, lakini hakuwa na sababu. Asubuhi prosesa ileile, kwenye ghala lilelile, haikuwa imevuka robo tatu. Mtu aliyebeba gunia asubuhi hashindwi gunia hilohilo jioni, isipokuwa ameongezewa jingine mahali usipomtazama.

"Mechi na mazoezi," alimwambia Kipanga. "Niambie tofauti."

"Hakuna. Ramani ni ileile. Idadi ya watu ni ileile, kumi."

"Programu gani zinafanya kazi ukiwa kwenye mechi?"

"Gemu. Na ya kuongea na wenzangu. Basi."

"Na kwenye mazoezi?"

"Gemu na ya kuongea. Shangazi, nimeshafikiria haya mpaka kichwa kimevimba."

Inspekta aliitazama tena video iliyosimama. Chini, upande wa kushoto, kulikuwa na dirisha dogo lenye uso wa Kipanga, macho makali, midomo imekazwa. Kando yake kulikuwa na dirisha jingine lenye mikono yake juu ya kibodi. Aliinua macho kwenye kamera iliyokuwa juu ya skrini. Soksi ilikuwa bado imeivaa.

"Video hii ameirekodi nani?"

"Mimi."

"Kwa kompyuta gani?"

Mkono wa Kipanga ulipanda taratibu mpaka ukafunika midomo.

"Hii," alisema mwishowe. "Hiihii."

"Mbona hukuitaja?"

"Kwa sababu siyo... Shangazi, ile ni ushahidi. Naiwasha tu kama ninavyofunga mlango. Sijawahi kuihesabu kuwa ni programu."

"Wenzako hawarekodi?"

"Wote wanarekodi. Ila mashine zao ni za juzi. Na mimi, baada ya mechi ya kwanza, kapteni aliniambia nirekodi kwa ubora wa juu kabisa, ili waone kama ninaachia makusudi. Baada ya ya pili wakataka na kamera ya mikono. Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote."

"Naam," Inspekta alisema. "Kila walipokushuku, waliongeza gunia."

Kaka ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi kisicho na raha, akaacha ghafla.

"Bado ni maneno," Inspekta alisema. "Vua soksi. Chomeka na ile kamera ya mikono. Washa kila kitu kama siku ya mechi. Cheza."

Kipanga alicheza. Hakufika hata mlango wa pili wa ghala. Picha ilisimama, ikaruka, ikasimama tena. Kwenye kona prosesa iligonga mia na kubaki hapo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi binti alipiga ukelele wa furaha, na kilichomfurahisha ni kuuawa.

"Umeona! Umeona, baba! Imekwama!"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona."

Inspekta alikuwa amelichukua tukio lote kwa simu yake. Alilituma kwa kapteni, kisha akampigia.

"Umeitazama?"

"Naitazama, mama. Huu ubora wa juu... mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua."

"Lakini siwezi kumwambia asirekodi. Asiporekodi, ligi inatufuta."

"Sikuombi hilo. Nakuomba jina lake libaki."

"Na mashine?"

"Tunaibadilisha."

"Mama, mechi ni saa kumi. Nikimwacha na ikakwama tena, tunatolewa wote, siyo yeye peke yake. Wenzangu watanila nyama." Alivuta pumzi. "Nitaliacha jina. Ila usiniangushe. Nakuomba."

Alipokata simu, fundi alikuwa tayari amelala kifudifudi kando ya kasha, tochi ikiwaka, akisoma maandishi madogo kwenye madabodi, sahani kubwa inayobeba vipuri vyote.

"Si kila prosesa inakaa hapa," alisema. "Hii inakubali kaka zake wa ukoo mmoja tu. Za kisasa kabisa miguu yao haiingii. Dukani ninayo moja, kaka mkubwa wa hii, ina viini nane vya kufanyia kazi badala ya vinne. Iko kwenye mashine ya ofisi niliyoletewa niifumue."

"Una uhakika ni ukoo huohuo?"

"Nina uhakika."

"Asubuhi pia ulikuwa na uhakika. Twende wote."

Duka lilikuwa mitaa miwili mbele, kati ya kinyozi na muuza mikoba. Fundi alipekua rafu zenye nyaya na feni zisizo na wenyewe, akatoa mashine ya ofisi, akaifungua. Inspekta alimfanya asome jina la prosesa kwa sauti, kisha alifungua ukurasa wa watengenezaji wa madabodi kwenye simu na kulitafuta jina hilo herufi kwa herufi. Lilikuwepo. Mbele yake kulikuwa na maneno madogo. Alimwonyesha fundi kwa kidole.

"Hii ina maana gani?"

Fundi alisoma, rangi ikamtoka kidogo. "Kwamba kwanza tuipe madabodi programu mpya. Ile ya ndani kabisa, inayoamsha mashine. Bila hiyo haitamtambua mgeni. Ungekuta kioo cheusi na mimi natokwa jasho."

"Ungekumbuka?"

"Inspekta, tusiulizane mambo ya kutiana aibu."

Walirudi karibu wakimbie. Programu mpya ilianza kuingia, na mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye skrini.

"Sasa sikilizeni," fundi alisema, sauti imeshuka. "Mstari huu ukifika mwisho, tumepona. Umeme ukikatika kabla, madabodi imekufa. Haifufuki."

Kaka aliinuka bila kuambiwa, akaenda kusimama mbele ya swichi ya ukutani, mikono imetandazwa kama kipa. Feni ya mezani ikazimwa. Pasi ya jirani, ambayo mara kwa mara hufifisha taa za jengo zima, ikawa ghafla jambo la kuogofya. Balbu ya ukumbini ilififia. Kipanga alishika mkono wa shangazi yake, akaubana mpaka mifupa ikauma. Balbu ilirudi. Mstari ulisimama, ukafikiri, ukaendelea.

Ulipofika mwisho, hakuna aliyeshangilia. Waliogopa kuusumbua.

Fundi alizima mashine, akang'oa kipozea joto, akafuta dawa kavu ya zamani inayopitisha joto, akainua kichuma cha pembeni na kumtoa prosesa mzee. Mgeni alikaa mahali pake bila kulazimishwa. Dawa mpya, kipozea, waya wa feni. Alibonyeza kitufe. Feni zilizunguka. Skrini ilibaki nyeusi.

"Fundi," kaka alisema.

"Subiri."

"Fundi, ni nyeusi."

"Mzee wangu, ninaiona. Inajitambulisha kwa mgeni. Subiri."

Kisha maandishi yakatokea, na prosesa mpya ikatajwa kwa jina lake lote. Fundi aliketi sakafuni.

Waliijaribu kama Inspekta alivyotaka: ghala, sauti, kamera ya uso, kamera ya mikono, ubora wa juu kabisa. Alitaka iongezwe mzigo mpaka ianguke, kama inaweza kuanguka. Haikuanguka. Prosesa haikupita theluthi mbili, na yule bibi kizee aliyelala mechi tatu sasa alikuwa akifanya kazi yake kwa bidii. Boksi lilirudi mikononi mwa kaka, gundi yake nzima.

"Nilirudishe leo?"

"Sasa hivi. Kabla fundi hajapata wazo jingine."

"Inspekta, mdomo wako," fundi alisema, akikusanya bisibisi zake huku akitabasamu.

Walipobaki wawili, saa kumi ilikuwa imekaribia. Majina yalikuwa yametangazwa na jina la Kipanga lilikuwemo. Alivaa hedifoni, akaivua upande mmoja. Uso wake haukuwa na nafuu ambayo Inspekta aliitarajia.

"Shangazi."

"Naam."

"Kabla ya leo, nikikosa, nilikuwa najua siyo mimi. Hata wakinitukana. Ndani nilikuwa najua. Sasa nikikosa, nimekosa mimi."

Inspekta alikuwa ametumia miaka mingi kuwafikisha watu kwenye maneno hayo. Wengi walikuja nayo baada ya siku nyingi za kukana. Huyu aliyaleta kabla hajatenda chochote.

"Ndiyo," alisema. "Utakuwa umekosa wewe."

Kipanga aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa kitu kizito akakubali kukibeba. Akarudisha hedifoni. Kamera zote mbili zilikuwa wazi, na Inspekta alisogea nyuma mpaka ukutani ili asionekane kwenye picha.

Mlango wa ghala ulifunguka. Kwenye kona ya skrini namba zilisimama imara, moja baada ya nyingine, bila kuyumba. Inspekta aliacha kuzitazama. Alitazama mkono wa binti juu ya kipanya, ambao hakuna fundi angeweza kuubadilisha.